Mto Elwha: Samaki Waliozibiwa Njia

Ndugu mkulima, wewe uliye jirani na Ziwa Viktoria bila shaka unamjua ningu, samaki apandaye mitoni wakati wa mvua kwenda kutaga. Leo tuzungumze juu ya samoni wa pwani ya magharibi ya Marekani, ambaye tabia yake inakaribiana na hiyo. Huanguliwa kwenye changarawe ya mto wenye maji baridi, huteremka baharini kukua, halafu hurudi mto ule ule kutaga. Wengi hufa baada ya hapo, na mizoga yao huwa mbolea ya mto na ya miti ya kandokando.

Katika jimbo la Washington uko mto uitwao Elwha. Mwaka 1913 Thomas Aldwell na wenzake walimaliza kujenga bwawa la umeme, yapata kilometa 8 tu kutoka baharini. Sheria ya jimbo ya mwaka 1890 ilitaka bwawa la namna hiyo liwe na njia ya samaki. Hawakuijenga. Badala yake wakaruhusiwa kuweka kituo cha kutotoleshea vifaranga vya samaki. Basi mwaka 1922 kituo kikaachwa, ukuta ukabaki! Mwaka 1927 bwawa la pili likamalizika huko juu. Zaidi ya kilometa 100 za mto na vijito vyake zikawa hazifikiki.

Walioumia zaidi ni Waklallam, wenyeji wa pale, ambao mkataba wa mwaka 1855 uliwaahidi haki ya kuvua.

Mwaka 1992 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuurudisha mto katika hali yake. Lakini sheria ni jambo moja na fedha ni jambo jingine. Serikali iliyanunua mabwawa hayo mwaka 2000, kwa dola milioni 29.5. Kubomoa kulianza Septemba 2011, kukaisha 2014, na mpango mzima ukala kiasi cha dola milioni 325.

Msidhani fedha hizo zote zilikwenda kwenye nyundo na baruti. Nyuma ya kuta palikuwa na mchanga na tope yapata meta za ujazo milioni 20. Aliyewahi kuzibua mfereji uliojaa tope ataelewa. Ilibidi kwanza ijengwe mitambo ya kusafisha maji ya mji wa Port Angeles, na hiyo ilikuwa ghali kuliko kubomoa kwenyewe. Kisha palipokuwa ziwa pakabaki ardhi tupu, watu wakapanda mbegu na miche ya asili kushika udongo.

Mwaka 2012 samoni walikuwa wameshapita palipokuwa na ukuta wa chini. Oktoba 2023 Waklallam walivua tena samoni wa kitoweo katika Elwha, uvuvi wao wa kwanza tangu kuta zibomolewe.