Mkojo wa Damu na Njia ya Matibabu Ufipa

Mapadre Weupe walipokabidhiwa ngome ya Wabelgiji pale Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na miaka minne baadaye akawasili Adrien Atiman, kijana wa Afrika ya Magharibi aliyekombolewa utumwani akasomeshwa utabibu Malta, watu wa nchi ile walimpata tabibu aliyeishi nao hadi alipofariki mwaka 1956. Na hata leo iko hospitali Sumbawanga, mji wa Ufipa, iitwayo kwa jina lake.

Zama hizo maarifa ya saratani ya kibofu, ugonjwa uletao mkojo wa damu, yalikuwa yakikusanywa mbali mno, katika Misri, ambako mwaka 1851 Theodor Bilharz alimgundua mnyoo wa kichocho ndani ya mishipa ya maiti, na mwaka 1911 Ferguson, tabibu wa Cairo, akamhusisha na uvimbe mbaya wa kibofu. Yai la mnyoo huyo, likitazamwa kwa darubini, lina mwiba mmoja nchani; hukwama katika ukuta wa kibofu, ukuta ukawaka na kukakamaa miaka mingi, hata chembe zake zikaharibika. Ushahidi ulipotimia, mwaka 1994, wataalamu wa kimataifa wa saratani walimtaja mnyoo huyu kuwa miongoni mwa visababishi vya yakini.

Nyanda za Ufipa, kwa baridi yake, si makao mema ya konokono abebaye kichocho kama yalivyo madimbwi ya nchi za joto. Walakini mtu hahitaji konokono ili augue saratani ya kibofu, kwani sumu ya tumbaku huchujwa na figo, ikakaa ndani ya mkojo masaa mengi, ikigusa utando ule ule.

Dalili yenyewe haijifichi: damu katika mkojo, aghalabu pasipo maumivu, leo ipo, kesho haipo, na kutoweka huko ndiko kunakomdanganya mgonjwa akadhani amepona, huku haya ya kuzungumza habari za sehemu za siri ikimzuia kwenda zahanati. Kwangu mimi, haya hiyo ni hasara kubwa kupita umbali wa njia. Uvimbe uliomo bado katika utando wa ndani hukwanguliwa kwa chombo kipitishwacho njia ya mkojo, bila kupasua tumbo. Ukishaingia katika msuli, huenda kibofu chote kikaondolewa, ama mgonjwa akasafirishwa kutoka Sumbawanga kupitia Tunduma na Mbeya, zaidi ya kilomita 1,000, hadi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kutibiwa kwa mionzi.