Darubini Iliyoendelea Kuona

Chakula kikishaiva na kuni zikaondolewa, mafiga hayaonyeshi moto. Jicho haliambui kitu. Lakini tukisogeza kiganja karibu na jiwe, tunajua mara moja kwamba moto ulikuwapo. Joto lile linalotufikia ni aina ya nuru ambayo macho yetu hayakupewa uwezo wa kuiona. Wanasayansi huiita infraredi.

Aliyeitambua kwanza ni William Herschel, mwanaastronomia aliyeishi Uingereza. Mwaka 1800 alipitisha mwanga wa jua katika kioo cha pembe tatu, ukagawanyika kuwa rangi za upinde wa mvua, akapima joto la rangi hizo. Kisha akaweka kipimajoto kando ya nyekundu, mahali pasipo na rangi yoyote. Hapo kikapanda kuliko kote.

Tangu hapo watu walijua kwamba mbingu zina habari nyingi kuliko macho yanavyopokea. Shida ilikuwa kuzipata. Mvuke uliomo hewani huzuia sehemu kubwa ya nuru hiyo isifike ardhini. Tena kila kitu chenye joto huitoa, hata darubini yenyewe. Kutafuta joto hafifu la nyota kwa darubini yenye joto ni kama kumtafuta kimulimuli huku umeshika karabai. Ilibidi darubini ipelekwe juu ya hewa, na ipoozwe kwa heliamu ya kimiminika.

Mwaka 1983 Marekani, Uholanzi na Uingereza zilirusha satelaiti ya IRAS. Ilifanya kazi miezi kumi, ikaona vumbi linaloizunguka nyota ya Vega, vumbi la namna ambayo sayari huumbika kwayo. Heliamu ikaisha, na kazi ikaisha.

Tarehe 25 Agosti 2003 shirika la NASA likarusha nyingine, yenye kioo cha upana wa sentimita 85. Iliitwa Spitzer, kwa heshima ya Lyman Spitzer, aliyeandika mwaka 1946 kwamba darubini inafaa kuwekwa nje ya hewa ya dunia. Alifariki mwaka 1997, hakuiona hii yenye jina lake. Ilitakiwa idumu angalau miaka miwili na nusu, na waliokuwa na matumaini zaidi walitaja mitano. Mwaka 2005 ilipokea moja kwa moja, kwa mara ya kwanza, nuru ya sayari zinazozunguka nyota nyingine.

Tarehe 15 Mei 2009 heliamu yake ikaisha. Vifaa viwili kati ya vitatu vikawa havifai tena, na cha tatu kikabaki na nusu ya uwezo wake. Ingekuwa rahisi kuiaga. Wahandisi hawakuiaga. Waliuliza swali jingine: kilichobaki kinaweza nini? Walijifunza kupunguza mtikisiko mdogo uliosababishwa na kipasha joto cha betri, hata darubini ikaweza kuikazia macho nyota moja kwa utulivu ambao haikuundiwa.

Mwaka 2016 waliielekeza kwa nyota ndogo iitwayo TRAPPIST-1, iliyo umbali wa miaka ya nuru 40 hivi. Kwa takriban siku 20 iliitazama karibu bila kupumzika, ikihesabu kila mara nuru yake ilipofifia kidogo kwa kupitiwa na sayari. Februari 2017 matokeo yalitangazwa: sayari saba zenye ukubwa unaokaribia wa dunia yetu, zote zikizunguka nyota hiyo moja. Haya yalitoka kwa darubini iliyokuwa imeishiwa heliamu kwa zaidi ya miaka saba. Ilizimwa tarehe 30 Januari 2020.

Hatusemi kwamba sayari saba zinamthibitisha Mungu. Imani yetu haikungoja darubini. Lakini historia hii inatuhukumu mahali fulani.

Usharikani kwetu tuna desturi nzuri ya kuwaaga wazee. Tunawavika kitenge, tunawapa kiti cha mbele, tunapiga vigelegele. Baada ya hapo hatuwaulizi kitu tena. Tulimfanyia hivyo mwalimu wetu wa kwaya mikono yake ilipoanza kutetemeka. Alikaa kiti cha mbele miaka minne, akitusikiliza. Tulipomzika tukataka kuimba nyimbo alizowafundisha mama zetu, tukakuta hakuna aliyeziandika. Mikono ilikuwa imechoka, lakini nyimbo zote alikuwa bado nazo. Sisi ndio hatukuuliza.

Kalebu alikuwa na umri wa miaka 85 alipomwendea Yoshua. Hakuomba kiti. Aliomba nchi ya milima, pale ambapo vita ilikuwa bado, akisema nguvu zake zipo. Na Yoshua hakumwambia apumzike; alimbariki, akampa Hebroni.

Basi tutakapomwaga mzee mwingine, kitenge tumpe, na vigelegele tupige. Ila kabla hajaketi, mmoja wetu amkaribie na daftari na kalamu, amwamkie, kisha amuulize kilichobaki. Huenda kazi yake kubwa kuliko zote bado haijafanyika.