Waamuzi Wanawake na Kejeli za Utangazaji

Waamuzi wanawake ni mafakihi wa sheria za kandanda ambao, ingawa wanaochezesha mechi za wanaume hufaulu mitihani ile ile ya mbio na kanuni wafanyayo wanaume, aghalabu hupimwa kwa maumbile yao kabla ya kipenga kulia. Msimu wa 2015/16 wa Ligi Kuu ya Tanzania Bara, mwamuzi Jonesia Rukyaa wa Kagera alikabidhiwa pambano la Simba na Yanga. Na tarehe 20 Februari 2016, mbele ya umati usiosamehe, akamtoa Abdi Banda wa Simba kwa kadi nyekundu kabla ya mapumziko, Yanga ikashinda 2-0.

Lugha yetu, ajabu, haina lawama hapa: “mwamuzi” na “refa” havibagui jinsia, lakini mtangazaji huongeza “mwanamama”, kana kwamba filimbi imebadili sauti.

Uingereza mambo yalizidi: Januari 2011 watangazaji Andy Gray na Richard Keys wa Sky Sports, wakidhani vinasa sauti vimezimwa, walidai kuwa mshika kibendera Sian Massey hawezi kuijua sheria ya kuotea. Siku hiyo hiyo aliamua sawasawa goli la Liverpool dhidi ya Wolves. Gray akafukuzwa, Keys akajiuzulu.

Licha ya kejeli za namna hiyo, Salima Mukansanga wa Rwanda alichezesha Zimbabwe na Guinea tarehe 18 Januari 2022, mwanamke wa kwanza kushika kipenga katika Kombe la Mataifa ya Afrika la wanaume.