Fahamu kazi ya mtu wa eksirei: Kwa nini anakuacha peke yako chumbani?

Umeanguka na bodaboda kwenye barabara ya vumbi huko Qurus, wilayani Karatu. Mkono umevimba. Daktari anakuandikia karatasi na unaelekezwa kwenye mlango wenye alama ya mionzi.

Anayekupokea humo ndani wengi humwita "daktari wa eksirei". Mara nyingi siyo daktari. Ni mteknolojia wa mionzi, au mteknolojia msaidizi anayefanya kazi chini yake.

Nani ni nani?

Daktari bingwa wa radiolojia husoma picha na kuandika majibu. Mteknolojia ndiye anayeipiga. Nchini Tanzania taaluma hii ina sheria yake ya mwaka 2007 na baraza linalosajili wataalamu. Mafunzo yanatolewa katika vyuo kama MUHAS jijini Dar es Salaam na CUHAS-Bugando jijini Mwanza.

Hospitali nyingi za wilaya hazina daktari bingwa wa radiolojia. Kwa hiyo anayeisoma picha ni daktari wa kawaida aliyekuandikia kipimo. Picha ikiwa mbaya, naye atakosea. Hapo ndipo uzito wa kazi hii ulipo.

Anafanya nini hasa?

Kwanza anahakikisha wewe ndiye mwenye karatasi. Jina, umri, na sehemu inayouma. Karatasi ikisema mkono wa kushoto na wewe umeshika wa kulia, anasimama na kumuuliza daktari.

Pili, anakupanga. Mfupa uliovunjika unaweza kuonekana mzima ukipigwa upande mmoja tu. Ndiyo maana mkono hupigwa angalau picha mbili, moja kwa mbele na nyingine kwa ubavu. Siyo kwamba ya kwanza imeharibika.

Tatu, anaweka alama ya herufi: R kwa kulia, L kwa kushoto. Ni kialama kidogo, lakini kikikosewa daktari anaweza kutibu upande usiohusika.

Mwisho anakuambia uvute pumzi na uishikilie. Mapafu yakijaa hewa yanaonekana vizuri zaidi. Kwa wazee wa Karatu wanaozungumza Kiiraqw zaidi kuliko Kiswahili, maelekezo haya huhitaji mtu wa kutafsiri. Mzee asipoelewa na akatikisika, picha inatoka na ukungu na inabidi irudiwe. Kurudia ni kuongeza mionzi.

Mbona anajificha?

Hili linawatia hofu wengi: "Kama ni salama, mbona yeye anakimbia nyuma ya ukuta?"

Jibu ni hesabu. Wewe unapigwa picha moja au mbili, labda mara moja kwa miaka kadhaa. Yeye anaweza kupiga picha nyingi kila siku, mwaka mzima. Akibaki chumbani, kidogo kidogo kinajumlika.

Eksirei moja ya kifua hutoa kama milisiveti 0.1. Hicho ni karibu sawa na mionzi ya asili ambayo mtu hupata kwa siku 10 hivi kutoka kwenye udongo, miamba na angani. CT ya tumbo inaweza kufika milisiveti 8 hadi 10, ndiyo maana haipigwi ovyo.

Mfanyakazi wa mionzi hatakiwi kuzidi wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka. Ndiyo maana huvaa kifuani kifaa kidogo cha kupimia mionzi. Anayesimamia usalama wa mionzi nchini ni Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania (TAEC).

Umbali nao ni kinga: ukisogea mara mbili zaidi, mionzi inayokufikia inapungua hadi robo.

Je, mionzi inabaki mwilini?

Hapana. Eksirei ni kama mwanga wa taa: ukizima swichi, hakuna kinachobaki chumbani wala mwilini. Huhitaji kunywa maziwa "kuisafisha".

Mionzi hii iligunduliwa Novemba 1895 na Mjerumani Wilhelm Röntgen. Mwezi uliofuata alipiga picha ya mkono wa mkewe, mifupa na pete vikaonekana. Wapiga picha wa kwanza hawakujua madhara yake, na wengi waliungua ngozi na kupata saratani. Ukuta anaojificha nyuma yake mtu wa eksirei leo ni somo lililotokana na hao.

CT na ultrasaundi

Kwa jeraha la kichwa, eksirei ya kawaida haitoshi kuonyesha damu ndani ya ubongo. Hapo inatakiwa CT. Wilayani Karatu, hospitali ya FAME inayo mashine hiyo. Nje ya hapo safari ni Arusha mjini, kama kilomita 140, au KCMC mjini Moshi.

Ultrasaundi haitumii mionzi kabisa, bali mawimbi ya sauti. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri kila mjamzito apigwe angalau moja kabla ya wiki 24.

Kabla hujaingia

- Kama una mimba au hujaona siku zako, sema mapema, hata kama umeongozana na mama mkwe au baba. Omba kuzungumza na mhudumu pembeni. Usione aibu.
- Vua cheni, hereni na sidiria yenye chuma. Toa simu mfukoni.
- Beba picha za zamani. Daktari akilinganisha, huenda usihitaji nyingine.
- Usipoelewa maelekezo, uliza tena. Sekunde tano za kutulia zinaweza kukuokolea picha ya pili.
- Usitegemee picha ya filamu iliyopigwa kwa simu na kutumwa WhatsApp. Mstari mwembamba wa mfupa uliopasuka unaweza kupotea. Nenda na picha yenyewe.