Bustani ya Aldgate na Ukuta wa Mombasa

Mwenye kupita katika mitaa ya Mombasa inayojengwa aghalabu hukuta ua wa mabati uliozunguka kiwanja, na ndani yake msingi uliochimbwa ukaachwa, nondo zimeota kutu, karai limefunikwa juu ya rundo la mchanga, na langoni imebandikwa karatasi yenye muhuri wa mahakama, ambayo jua limekwisha kuififiza. Karatasi hiyo ndiyo amri ya zuio: hakimu hajasema bado kiwanja ni cha nani, wala hajamwita mtu yeyote laghai, amesema tu kwamba mikono isimame mpaka haki ibainike. Nimekusudia kueleza asili yake, maadamu wengi, na mawakili wamo, huiomba na kuipinga pasipo kukumbuka iliwekwa kwa ajili gani.

Asili yake ni Uingereza, katika mahakama ya Kansela iitwayo Chancery, na kesi iliyoipa nguvu yake ilitokana na ardhi na majumba. Chuo cha Magdalene cha Cambridge kilikuwa na bustani ya kama ekari 7 huko Aldgate, nje ya lango la London. Sheria ya mwaka 1571 ilikuwa imevikataza vyuo kuzitoa ardhi zao, basi chuo kikapita njia ya kando: mwishoni mwa mwaka 1574 kilimpa Malkia Elizabeth bustani ile kwa sharti kwamba naye ampe Benedict Spinola, mfanyabiashara wa Genoa, kwa dhana kwamba katazo lile halikumfunga mwenye kiti cha enzi. Spinola naye akaiuza kwa Earl wa Oxford, na juu ya udongo huo zikajengwa nyumba 130. Miaka ikapita, nyumba zikajaa watu, kisha chuo kile kile kikarudi mahakamani kusema kwamba mauzo yake chenyewe yalikuwa batili, na kwa hiyo ardhi, pamoja na kila tofali lililowekwa juu yake kwa fedha za wengine, ni mali yake. Jaji Mkuu Edward Coke akakubaliana nacho, kwani maneno ya sheria yalikuwa bayana.

Hapo, mwaka 1615, Kansela Ellesmere akaingilia kati, na namna alivyoingilia inastahili kutazamwa kwa makini. Hakuifuta hukumu ya Coke, wala hakudai kwamba Coke amekosea sheria. Aliielekeza amri yake kwa yule aliyeshinda, akamzuia asiutumie ushindi ambao dhamiri njema haiwezi kuukubali. Mkuu wa chuo na mpangaji wake walipokataa kumjibu, wakatiwa gerezani. Ugomvi wa mahakama mbili ukafika kwa Mfalme James I, naye mwaka 1616 akaamua kwamba neno la Kansela ndilo litakalopita. Tangu hapo zuio limekuwa amri inayomshika mtu, si kipande cha ardhi, kwa kuwa ardhi haina masikio. Mwenye masikio ni yule anayeujua ukweli wa alivyoipata.

Amri hiyo iliingia pwani yetu pamoja na dola. Kwa koloni ya Kenya, tarehe 12 Agosti 1897 ndiyo iliyowekwa kuwa mpaka wa sheria za Kiingereza zilizopokelewa, na kwa Tanganyika ni 22 Julai 1920. Haikukuta watu wasio na taratibu zao: kadhi alikuwapo, wakfu ulikuwapo, mshirika katika milki alikuwa na haki ya shufaa, na mipaka ilijulikana kwa minazi na kwa vinywa vya majirani walioshuhudia. Lakini sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye kudai ardhi katika ukanda wa pwani alete dai lake kwa msajili, na isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Hapo karatasi ilianza kuwashinda mashahidi, na nionavyo mimi hapo ndipo ghilba ilipopata mlango, kwa sababu jirani arobaini ni vigumu kuwahonga wote, ilhali muhuri ni mmoja.

Juu ya vigezo vya kutoa zuio sitakawia. Tanzania hufuata maneno ya Jaji Mkuu Georges ya mwaka 1969 katika kesi ya Atilio na Mbowe. Kenya hufuata kesi ya Giella na Cassman Brown ya mwaka 1973: mwombaji aonyeshe dai lenye dalili ya kushinda, na madhara yasiyoweza kulipika kwa fedha, na hakimu akiwa na shaka apime ni nani atakayeumia zaidi. Kasoro ilikuwa kwamba kwa muda mrefu aliyeinua hatimiliki mbele ya hakimu alionekana amekwisha kujibu kila swali. Ni mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliposema wazi, katika kesi ya Munyu Maina, kwamba hati inapotiliwa shaka tangu chimbuko lake, kuionyesha tu hakutoshi. Mwenyewe athibitishe ilivyopatikana.

Mombasa ikaja kuwa ushahidi wa neno hilo. Mwaka 2017 serikali ya kaunti iliubomoa ukuta wa kiwanja kimoja cha ufukweni ili kufungua njia ya kwenda baharini, na kampuni iliyokinunua, Dina Management, ikashitaki, hati yake mkononi. Tarehe 21 Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba ugawaji wa kwanza wa kiwanja hicho, wa mwaka 1989, haukufuata taratibu, na kwa hiyo hata mnunuzi wa baadaye hakuwa na milki ya kulindwa. Hukumu hii naiona ya haki, nayo imeturudisha Aldgate, kwenye swali la dhamiri na la chimbuko.

Basi ewe msomaji unayesikia sepeto likichimba katika kiwanja cha marehemu babako, usingoje paa liezekwe. Chukua nakala ya daftari la msajili, andika kiapo, uende mahakamani msingi ukiwa bado wazi. Na ukipewa zuio usilale juu yake, kwani Kenya hukoma baada ya miezi 12 kesi isipoamuliwa, illa mahakama ikiamuru vingine kwa sababu ya kutosha, na Tanzania hutolewa kwa muda usiozidi miezi 6, wala kwa kuongezwa halipiti mwaka mmoja.