Helikopta ya kompyuta katika joto na vumbi la Modogashe

MODOGASHE, mji ulio mpakani mwa kaunti za Garissa na Isiolo kwenye njia ya Wajir, unafahamika zaidi kwa azimio la amani la 2001 kuliko kwa mambo ya urubani. Hata hivyo, mafuriko yalipokata barabara za Kaskazini Mashariki wakati wa El Nino ya 1997-98, mwaka wa 2006 na tena Novemba 2023, helikopta zilikuwa miongoni mwa vyombo vichache vilivyoweza kuwafikishia misaada watu waliozingirwa na maji. Urushaji wa chombo hicho sasa huigizwa nyumbani kwa kompyuta, na panapo mahali ambapo maigizo hayo huachana na ukweli, ni katika nyanda kama hizi.

Microsoft Flight Simulator ilipata helikopta yake ya kwanza, Bell 206, katika toleo la 1997. Toleo la 2020 lilikaa miaka miwili bila helikopta hata moja, hadi Novemba 2022 lilipoletewa Bell 407 na Guimbal Cabri G2.

Jambo la kwanza kumshangaza anayeanza ni miguu. Katika helikopta nyingi za Marekani, pangaboi kuu huzunguka kinyume cha mishale ya saa ukilitazama kutoka juu. Rubani anapoinua wenzo wa mkono wa kushoto ili apae, pua huvutwa kulia, naye hana budi kukanyaga pedeli ya kushoto. Ecureuil ya Ufaransa na Mi-17 ya Urusi huzunguka upande wa pili, na pedeli inayotakiwa ni ya kulia. Anga ya Kenya imewahi kupitiwa na aina zote hizo. Aliyezoea moja akahamia nyingine bila kukumbuka tofauti hiyo hujikuta akizunguka kama pia.

Kijiti cha kuongozea nacho kina udanganyifu wake. Kile cha bei nafuu kina springi inayokirudisha katikati kila kikiachwa. Usukani wa helikopta halisi haurudi wenyewe hivyo. Isitoshe, rubani wa kweli huhisi kwa mwili wake chombo kikianza kuteleza, ilhali wa nyumbani husubiri kukiona kwenye kioo, na kufikia hapo amechelewa. Ndiyo maana kuelea papo hapo huenda kukawa kugumu zaidi sebuleni.

Joto, kwa upande wake, husahauliwa. Programu ikiachiwa hali ya hewa ya kawaida, hutumia nyuzi 15 kwenye usawa wa bahari. Katika uwanda wa mita 200, joto likifika nyuzi 38, hewa huwa nyepesi kama ya mahali penye mwinuko wa zaidi ya mita 1,000. Helikopta iliyojaa mizigo itaelea karibu na ardhi, ambako hewa inayosukumwa chini huisaidia kama mto, kisha ishindwe kupanda zaidi. Rubani huiendesha mbele polepole. Inapofikia kasi ya noti 16 hadi 24, pangaboi hupata hewa safi na chombo huinuka.

Hatari kubwa zaidi ni kushuka wima kwa haraka huku nguvu ya injini ikitumika. Chombo huzama katika hewa kiliyoivuruga chenyewe, na kuinua wenzo huzidisha kuzama. Dawa ni kusukuma usukani mbele au kando ili kutoka humo, mradi kimo kingalipo.

Vumbi ndilo programu nyingi huliigiza kwa udhaifu kabisa: huchorwa kama wingu la kupendeza. Mahali pakavu, mita chache kabla ya kutua, vumbi hilo humficha rubani ardhi, upeo wa macho na hata mwelekeo anaoserereka. Marubani hukaribia wakisonga mbele ili wingu libaki nyuma yao, wakikazia macho kichaka au jiwe moja hadi magurudumu yaguse chini. Wasipoliona tena, huondoka na kuzunguka upya.