Final Fantasy Pixel Remaster

Final Fantasy Pixel Remaster ni toleo jipya la michezo sita ya kwanza ya mfululizo wa michezo ya video wa Final Fantasy, iliyotoka Japani kati ya 1987 na 1994. Kampuni ya Square Enix ilianza kuitoa kwa simu na kompyuta Julai 2021, ikamalizia na wa sita Februari 2022. Wahusika walichorwa upya nukta kwa nukta na Kazuko Shibuya, mchoraji wao wa awali. Muziki ulipangwa upya chini ya usimamizi wa mtunzi wake, Nobuo Uematsu. Mapigano yanaweza kuachwa yajiendeshe, nafuu kubwa kwa anayechezea kwenye simu. Kilicholalamikiwa mno, na kwa haki, ni herufi za Kiingereza: nyembamba, zimebanana, zinachosha macho. Matoleo ya 2023 ya Nintendo Switch na PlayStation 4 yaliongeza herufi mbadala.